Sheria au MBA ukiwa kazini: anza na kazi unayoitaka

Tafuta tangazo la kazi unayoiwinda, usome masharti yake. Likitaka wakili wa Mahakama Kuu, MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, haitakufaa hata ukiongoza darasa. Likitaka shahada ya uzamili, LLB haihesabiki: ni shahada ya kwanza ya sheria, japo inachukua miaka 4. Baadhi ya walioajiriwa hugundua hilo siku ya kupandishwa cheo, karo ikiwa imeshaliwa.

Sheria ndiyo safari ndefu. Baada ya LLB kuna Kenya School of Law, chuo cha mafunzo ya uwakili kilichoko Karen, Nairobi, chenye mitihani 9, na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Ukishaapishwa, sheria inakutaka ufanye kazi ya uwakili mfululizo kwa miaka 2 kabla ya kufungua ofisi yako. Anayeishi Nakuru au Kisumu anaweza kuimudu LLB na kazi ya mchana. Karen na uanagenzi ndipo mambo huharibika. Uanagenzi unaweza kuufanyia Kisumu kwenyewe, lakini ni kazi ya mchana kutwa, na mahakama haifunguliwi jioni kwa ajili yako. Muulize mwajiri mapema, kwa barua, kama atakupa likizo bila malipo. Jibu la mdomo halitoshi, maana bosi wa leo huenda akawa amehamishwa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, toa cheti chako cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kigezo cha kuingia Kenya School of Law kinachotajwa sana ni wastani wa C+ pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili, na kuwa na digrii nyingine si kinga ya hakika; suala hili limefikishwa mahakamani mara kadhaa. Ukiwa na alama pungufu, iandikie Kenya School of Law sasa, si miaka 4 baadaye. Kisha tazama orodha ya Council of Legal Education, baraza linalosimamia elimu ya sheria, uone kama kampasi unayoitaka ina leseni. Angalia kampasi yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo.

MBA ni nyepesi kupanga. Kwa kawaida ni miaka 2, na vyuo vina madarasa ya jioni au Jumamosi; Egerton ina kampasi Nakuru mjini, Maseno ina yake Kisumu. Masomo ya darasani humalizika. Tasnifu ndiyo humtesa mtu, kwa kuwa hakuna ratiba inayomsukuma, na kila mhula wa ziada huja na ada. Chagua mada ambayo data yake iko mikononi mwako, tuseme mikopo ya sacco unayofanyia kazi, na upate barua ya ruhusa ya meneja kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kiombe mara tu pendekezo likipita.

Gharama zijumlishe zote pamoja: karo ya mihula yote, nauli, mitihani ya kurudia, na mishahara ya miezi utakayokaa bila kazi. Kwa MBA, kipengele hicho cha mwisho mara nyingi ni sifuri. Kwa sheria, huenda kikaizidi karo.

Na kama unachotaka ni kuielewa mikataba ya kazini tu, usiende Karen. Chukua MBA yenye somo la sheria ya biashara.