Kuni hadi taa: somo la jenereta ya gesi ya kuni kwa shamba dogo

Mwenye taa tatu na redio anunue sola, asijisumbue na somo hili. Hili ni la mwenye pampu ya kisima au mashine ya kukunia nazi, na ana kuni zinazomuozea. Kwetu Pemba vifuu na matawi ya mvinje havina wa kuvihesabu. Na sisi tuliongojea waya wa umeme wa kutoka Tanga hadi 2010, huku tukiishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, kiza tunakijua.

Kuni zikinyimwa hewa ya kutosha hutoa moshi. Moshi huo ukilazimishwa kupita kwenye makaa mekundu hugeuka gesi inayowaka: kaboni monoksidi na haidrojeni. Gesi hiyo ndiyo inayoendesha injini badala ya petroli. Lakini karibu nusu ya ujazo wake ni naitrojeni ya hewa, haiwaki. Kwa hiyo jenereta ya petroli ya kilowati 5 usiitegemee kwa zaidi ya nusu yake hivi.

Hatua ya 1: kuni. Hapa ndipo penye kazi, kushinda chuma chote. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, anika juu ya jamvi kama karafuu, na jua likizama ingiza ndani. Maji yasizidi asilimia 20. Pima kilo moja, ikaushe juu ya jiko la moto mdogo hadi uzito usishuke tena. Uzito uliopotea ukiwa chini ya gramu 200, kuni zako tayari. Mwaka wa kwanza nilitia matawi ya mwembe yaliyokatwa masika, nikajiambia moto utayakausha wenyewe. Baada ya wiki vali za injini ziliganda kwa lami ya moshi, nikakaa siku mbili nakwangua.

Hatua ya 2: tanuri. Chukua bomba nene la chuma la inchi 6, urefu usipungue inchi 16, juu likiwa wazi. Kwa injini ya nguvu ya farasi 13 hadi 15, chini libane shingo ya inchi 4 hivi. Chini ya shingo ning'iniza kwa minyororo sufuria ya chuma kisichoshika kutu iliyotobolewa matundu, iweze kutikiswa majivu yashuke. Yote yafunike kwa pipa, mdomo wa juu wa bomba tu ubaki wazi; gesi itokee ubavuni mwa pipa. Maungio yachomelewe yasivuje hata kidogo.

Hatua ya 3: kupoza na kuchuja. Mita chache za bomba la chuma, kisha pipa dogo la maranda makavu au usumba. Weka koki ya kutolea maji chini, na maji hayo machafu usimwage karibu na kisima.

Hatua ya 4: injini. Kabla ya kabureta weka vali mbili, ya gesi na ya hewa. Mchanganyiko ni karibu nusu kwa nusu, sikio litakwambia.

Kuwasha: jaza makaa hadi nusu ya bomba, washa feni ya kuvuta gesi baada ya chujio, tupia karatasi inayowaka, kisha ongeza kuni. Gesi jaribu kuiwasha mwisho wa bomba. Ikishika moto thabiti bila moshi, washa injini. Mtambo ukae banda lisilo kuta. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Ukihisi kichwa kizito, toka hapo mara moja.

MASWALI (kila moja na mahali lilipotoka)

Konde: Fundi, magogo yanayoletwa na bahari je? Na mikoko?
Magogo ya baharini yana chumvi. Inakula chuma, na majivu yanaganda kama mawe. Mikoko iache pwani, sheikh wangu, ndiyo inayotushikia ufukwe.

Makunduchi: Shikamoo. Makumbi nayo yanafaa?
Marahaba, mwanangu. Hayafai. Ni mepesi, yanakwama bombani na moto unabaki na pango katikati. Vifuu ndivyo, vilivyopondwa. Usumba wako weka kwenye chujio.

Wete: Uniti moja inakula kuni kiasi gani?
Kilo moja na nusu hivi za kuni kavu. Ukitaka uniti 3 kwa siku, tenga kilo 5, pamoja na makaa ya kuwashia.

Chwaka: Ami, niuache mtambo usiku kucha kwa ajili ya friji na taa ya uani?
La. Injini ikivuta kidogo tanuri linapoa, na tanuri likipoa lami haichomeki, inaingia injini. Nunua betri na chaja kubwa. Jioni endesha saa mbili kwa mzigo mzito, pampu na chaja pamoja, kisha zima. Usiku friji itumie betri.