Namna ya kupima nguzo za mawe za Turkana pamoja na nchi inayozizunguka

Kandokando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna nguzo za mawe zilizosimikwa na wafugaji wa kale miaka 5,000 hadi 4,000 hivi iliyopita. Magharibi mwa ziwa kuna Kalokol, inayojulikana kwa jina la Kiturkana Namoratunga, yaani watu wa mawe, na Lothagam Kaskazini. Mashariki kuna Jarigole. Nguzo unazoziona ni kifuniko tu. Lothagam Kaskazini, chini ya jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi, walizikwa watu wasiopungua 580. Kwa hiyo unayekwenda kupima hapa unapima makaburi, na kazi yote iliyoelezwa hapa chini inafanywa bila kuchimba wala kuhamisha kitu. Kuchimba bila leseni ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Ukikuta vijiwe vidogo juu ya nguzo, viache vilivyo, maana vimewekwa na wenyeji. Na kabla ya kufungua mkoba, zungumza na wazee wa hapo.

Dira iweke mbali

Kosa kubwa zaidi katika historia ya Kalokol lilitokana na dira. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walichapisha hoja kwamba nguzo 19 za hapo zimepangwa kuelekea mahali zinapochomoza nyota au makundi ya nyota saba. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Soper, alionyesha kwamba mawe yenyewe yana sumaku, kwa hiyo vipimo vya dira vililazimika kusahihishwa. Nguzo ni za basalti, mwamba wa volkeno wenye madini ya chuma, na ukiisogelea huvuta sindano ya dira.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Chagua kilima kilicho mbali, simama mita 20 nyuma ya nguzo, kilenge na usome dira. Kisha tembea moja kwa moja kukielekea kilima hicho, ukisoma kila baada ya mita 2 huku ukiipita nguzo ubavuni. Umekwenda kwenye mstari uleule, basi namba haikupaswa kubadilika. Inapobadilika, hicho ndicho kiasi cha upotoshaji. Simu ya mkononi haikuokoi, kwa sababu dira yake nayo inategemea sumaku.

Mstari wa msingi

Utahitaji tepu mbili za mita 30, kamba, vigingi, fito mbili zilizonyooka, timazi (uzi wenye kizito cha kupimia wima), GPS ya mkononi na karatasi yenye miraba.

Tafuta kilele chenye ncha, kilicho umbali wa kilomita 5 au zaidi. Kilele kipana hakifai: ukikosea ncha yake kwa mita 50 kwenye kilomita 5, mwelekeo wako umeshapotea zaidi ya nusu digrii. Soma majiranukta yake (latitudo na longitudo) kwenye picha ya setilaiti. Simika fito ya kwanza pembeni mwa nguzo na uiache GPS juu yake dakika 10. Simika fito ya pili mita 20 mbele, ikiwa kwenye mstari mmoja na kilele, na uhakikishe kwa timazi kwamba zote mbili zimesimama wima. Mstari kati ya fito hizo ndio mstari wa msingi, na mwelekeo wake unaukokotoa kutoka majiranukta ya fito ya kwanza na ya kilele. Kosa la GPS la mita 3 halina madhara kwa kilele kilicho kilomita 5. Lakini ukijaribu kupata mwelekeo kwa kusoma GPS kwenye fito zote mbili, mita 3 hizo katika mita 20 zitakupoteza kwa digrii 8.

Sasa pima kila nguzo kutoka fito zote mbili, tepu ikiwa mlalo na imekazwa, kisha uichore kwa kipimo cha 1:50. Tepu mbili zinapokutana kwenye nguzo kwa pembe iliyo chini ya digrii 30 au zaidi ya 150, mahali pake kwenye mchoro panakuwa pa kubahatisha. Hamisha mstari wa msingi upime upya.

Nguzo zilizoinama zina hila yake. Nguzo ya mita 1.5 iliyoinama digrii 10 imesogeza kichwa chake sentimita 26. Ikiwa jirani yake yuko mita 5, mwelekeo unatofautiana kwa digrii 3 kati ya kupima kitakoni na kupima kichwani. Pima kitakoni, halafu andika pembe ya mwinamo na upande inakoelekea.

Hakiki kaskazini yako kwa jua. Simika kijiti wima, chora duara kukizunguka, na utie alama pale ncha ya kivuli inapoligusa asubuhi, kisha tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo ni wa mashariki na magharibi. Usitegemee kivuli cha adhuhuri, kwa sababu kwenye latitudo hii jua hukaribia utosi, na mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba kivuli karibu hakipo.

Upeo wa macho na ziwa

Simama katikati ya nguzo na upime urefu wa upeo wa macho, kwa digrii juu ya mlalo, kila digrii 10 za mzunguko, ukiongeza vipimo kwenye kila kilele na kila pengo. Ukihesabu kutoka kaskazini kupitia mashariki, jua la Juni huchomoza hapa kwenye digrii 66.5 hivi, la Desemba kwenye 113.5. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kwa hiyo kilima chenye urefu wa digrii 5 hubadilisha mahali pa kuchomoza kwa chini ya nusu digrii. Kilima hichohicho kule Stonehenge, mduara wa mawe ya kale nchini Uingereza, kingehamisha macheo ya Juni kwa digrii 7 hivi. Ndiyo maana kanuni za Ulaya hazinakiliwi hapa kama zilivyo.

Ziwa unaloliona si walilolijua waliozisimika nguzo. Maji yake leo yako kwenye mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari. Zama za ujenzi yalikuwa juu zaidi na yalikuwa yakipungua; yalishuka jumla ya mita 55 hivi. Kwenye ramani, chora kontua (mistari ya mwinuko mmoja) za mita 380, 400, 420 na 450, kisha uangalie ufuko ulifika wapi kila mara. Ukiiruka hatua hii, nguzo zitaonekana zimetupwa nyikani bila sababu. Weka pia machimbuko ya mawe: Lothagam, baadhi ya nguzo zilitoka umbali wa kilomita 1 hivi.

Nyota ziwe za mwisho

Ukiunganisha kila nguzo mbili, nguzo 19 zinazaa mistari 171, yaani mielekeo 342. Ukiruhusu kosa la digrii 1 kila upande, una digrii 684 za kufunika duara la digrii 360. Karibu nyota yoyote utakayoitaja itapata mstari wake. Kwa hiyo andika mistari unayotaka kuijaribu kabla ya kufungua programu ya anga, na useme kwa nini.

Tarehe nayo ni ya kuangaliwa sana. Hoja ya 1978 ilitumia anga la mwaka 300 hivi KK, ilhali makaburi ni ya kale zaidi kwa miaka 2,000 hivi. Katika muda huo Kilimia, mojawapo ya makundi hayo ya nyota, kimehama zaidi ya digrii 10 angani. Mstari uliolingana na anga moja hautalingana na jingine. Ukibaki na mstari mmoja au miwili, upeleke Lothagam na Jarigole uone kama nako upo.