Besimenti yako siyo stoo ya maboksi, igeuze watu waishi

Kama umenunua nyumba Minnesota, Ohio au kokote huku Marekani kwenye baridi basi mara nyingi chini ya miguu yako kuna besimenti, ule ukumbi wa zege uliozama ardhini wenye fanesi, ile mashine ya kupasha nyumba joto, tangi la maji ya moto, mashine ya kufulia na maboksi ya tangu mnahamia ambayo hakuna anayekumbuka yana nini. Zipo nyingi huku kwa sababu msingi lazima ushuke chini kuliko kina ambacho udongo unaganda barafu, sasa mtu akishachimba shimo lote lile ndo anaona bora amalizie ukuta apate na sakafu nyingine. Nyumbani tungeiita pagale tu. Yetu ilikaa pagale miaka mitatu mpaka mama aliposema anakuja kukaa na mjukuu miezi sita, na juu tuna vyumba viwili.

Mi nilianzia mwisho. Nilinunua kapeti, nikalitandika juu ya zege mwezi wa pili, nikaweka kochi na tivii, nikajiona fundi. Mwezi wa nne theluji ikayeyuka na kapeti likaanza kunuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa, hela yote ikaenda kwenye pipa la taka. Kwa hiyo ukitaka kunisikiliza, maji kwanza, urembo baadaye, na ikiwezekana iangalie besimenti yako msimu mzima wa mvua na theluji kuyeyuka kabla hujapigilia hata msumari.

Mvua ikinyesha vaa koti uzunguke nyumba kwa nje. Maji mengi yanayoingia besimenti wala hayatoki chini sana huko, yanatoka kwenye paa lako mwenyewe, gata zimeziba majani au bomba la kushushia linamwaga pale pale kwenye msingi. Ongeza kipande cha bomba maji yakamwagike futi 6 hivi kutoka ukutani, ni hela ndogo sana, halafu angalia udongo unaelekea wapi, unatakiwa ushuke kama inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka kwenye nyumba. Wengi wetu udongo umeshatitia na mteremko unaelekea ndani, hapo jaza udongo ushindilie. Ukiona poda nyeupe kwenye ukuta wa zege usiipake rangi ukadhani umemaliza, ile ni chumvi inayoachwa na maji yakipita, yaani ukuta unakuambia kitu.

Sakafu ipime hivi: kata nailoni nzito kama inchi 18 kwa 18, ibandike kwa tepu pande zote nne, iache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, unyevu unapanda kutoka kwenye zege. Yakiwa juu ya nailoni basi ni hewa ya chumbani ndo nzito, dehumidifaya, mashine ya kuvuta unyevu hewani, itakusaidia, lengo unyevu wa hewa usizidi asilimia 50. Na kama una lile shimo la kukusanyia maji lenye pampu kwenye kona, pampu iwekee betri ya akiba, maana dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme.

Kingine ambacho watu wetu hawakiongelei kabisa ni redoni. Ni gesi inayotoka kwenye udongo, haina rangi wala harufu, na besimenti ndo inapojikusanya. Kwa Marekani ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Kipimo kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kiweke kipindi ambacho madirisha yamefungwa, majibu yakifika 4 kwa kipimo chao cha pikokyuri kwa lita au zaidi, shirika la mazingira la serikali linasema rekebisha. Marekebisho ni bomba linalonyonya hewa chini ya zege na feni inayoitupa juu ya paa, na fanya kabla hujaweka sakafu nzuri ukaja kuitoboa. Nyumba ya zamani sana ikiwa na vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9 usivibandue mwenyewe, vingi vya aina hiyo vina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake linaharibu mapafu, peleka kipande maabara kwanza.

Sasa kibali cha ujenzi kutoka mjini. Najua, kibali kinachosha, lakini ukiuza nyumba au kukitokea moto ndo utajua kilikuwa na kazi gani. Na kama mtu atalala kule chini jambo kubwa ni dirisha la kutokea. Kanuni inayofuatwa miji mingi inataka uwazi usiopungua futi za mraba 5.7, upana angalau inchi 20, kimo angalau inchi 24, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Hapo kuna mtego, ukichukua 20 kwa 24 unapata futi za mraba 3.3 tu, haitoshi, kwa hiyo dirisha la upana wa inchi 20 linatakiwa lifunguke kimo cha inchi 41 hivi. Tena siyo ukubwa wa kioo, ni uwazi ule mtu anaopita. Kukata zege la msingi mwachie fundi mwenye leseni, nyumba nzima imekaa juu ya huo ukuta. Kama hela ya dirisha haipo, basi fanya sebule, chumba cha cherehani, sehemu ya watoto kuchezea, lakini usimlaze mtu. Kuna fundi alitaka kunishawishi kwamba vile vidirisha vyetu vya juu vinatosha, nikamuuliza mama yangu na magoti yake atapitaje pale, akanyamaza.

Kuta, kosa la wengi ni kubandika sufi ya fiberglasi ya kuzuia baridi moja kwa moja kwenye zege. Hewa ya joto ya chumbani inapita kwenye sufi, inakutana na zege la baridi, inageuka maji, mwakani una ukungu nyuma ya jipsamu na hujui kikohozi cha mtoto kinatoka wapi. Gundisha kwanza vipande bapa vya fomu, lile povu gumu la kuzuia baridi, vya unene wa inchi 2 kwenye zege, ziba maungio kwa tepu, halafu simamisha fremu ya mbao mbele yake. Ile mbao inayolala kwenye zege iwe imetiwa dawa. Jipsamu lazima ifunike fomu yote maana fomu inashika moto vibaya, na usiifikishe jipsamu sakafuni, acha nusu inchi, skatingi itaficha. Sakafu, weka vinaili, ile plastiki ya vipande vyenye sura ya mbao, kapeti liwe la kukunja unaloweza kulitoa nje juani.

Dari tulipaka rangi tu, mabomba yote yanaonekana na valvu nazifikia. Fanesi, ambayo mama anaiita fenesi na hatutamrekebisha, tuliijengea kachumba kenye mlango wa matundu, inahitaji hewa na fundi anahitaji nafasi ya kuifikia. Kengele za moshi na za kaboni monoksaidi weka mpya. Bafu angalia kama mjenzi aliacha mabomba yamechomoza sakafuni, yakiwepo umeokoa hela nyingi, yasipokuwepo utavunja zege. Wale mnaotaka jiko la pili ili harufu ya samaki isipande juu, nawaelewa sana, ila ulizeni mji kwanza, kuna sehemu jiko la pili wanalihesabu kama nyumba ya pili.

Ngazi weka reli ya kushika imara na taa yenye swichi juu na chini. Mama aliposhuka mara ya kwanza alishika reli, akafika chini, akaangalia huku na huku, akauliza kile kimashine kinachonguruma kwenye kona kinakula umeme kiasi gani, nikamwambia mama, hiyo dehumidifaya usiizime. Anaizima kila usiku.