Mwongozo wa Kuomba Ujumbe katika Tume ya Wananchi ya Mipaka ya Uchaguzi Michigan, na Msaada Anaopewa Mjumbe

Kila baada ya miaka 10, sensa ya Marekani inapokamilika, mipaka ya maeneo ya uchaguzi ya jimbo la Michigan huchorwa upya. Kwa sasa maeneo hayo ni 13 ya Bunge la Marekani, 38 ya Seneti ya jimbo na 110 ya Baraza la Wawakilishi la jimbo. Zamani kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wabunge wa jimbo wenyewe, watu walewale ambao viti vyao vilitegemea mistari hiyo ipite wapi. Mwaka 2016 mkazi wa Michigan aitwaye Katie Fahey aliandika ujumbe mfupi katika Facebook akiwaita wenzake walishughulikie jambo hilo. Watu wa kujitolea wakakusanya saini zaidi ya 425,000, na Novemba 2018 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 2 kwa takriban asilimia 61. Tangu hapo, kifungu cha 6 cha ibara ya 4 ya Katiba ya Michigan kinaikabidhi kazi hiyo tume huru ya wananchi 13: wanne wa chama cha Democratic, wanne wa chama cha Republican na watano wasiofungamana na chama chochote kati ya hivyo viwili.

Mwongozo huu unawahusu Waswahili wa Michigan ambao tayari ni raia, au watakuwa raia kabla ya mwaka 2030: familia zilizotoka Kongo na kuweka makazi Grand Rapids na Lansing, pamoja na Wakenya, Watanzania na Warundi walioenea katika jimbo zima. Wengi wao wana sifa zote zinazotakiwa, lakini hujiengua wenyewe kabla hata ya kuiona fomu, wakidhani kwamba hii ni kazi ya wanasheria au ya watu wenye fedha za kuwatosha hata wakiacha kazi. Kwa sababu hiyo ninaanza na habari ya fedha na watumishi, na habari ya fomu itafuata. Katiba ilitungwa kwa makusudi ili mfanyakazi wa kiwandani au muuguzi wa zamu ya usiku aweze kuifanya kazi hii, na anayeomba anapaswa kujua ni nini hasa alichowekewa.

Fedha na watumishi wa tume

Kila mjumbe hulipwa. Kiwango cha chini ni asilimia 25 ya mshahara wa gavana, na wakati tume ya kwanza ilipoanza kazi mwaka 2020, gavana akilipwa dola 159,300 kwa mwaka, robo hiyo ilikuwa dola 39,825. Si mshahara wa kutajirisha mtu, lakini unamwezesha kupunguza saa za kazi yake ya kawaida au kumlipa mtu wa kulea watoto anapokuwa mkutanoni. Katiba inaongeza kinga nyingine ambayo ninaiona kuwa na thamani kuliko malipo yenyewe: mwajiri haruhusiwi kumfukuza mfanyakazi, kumtishia kumfukuza, kumshinikiza wala kulipiza kisasi kwa sababu ni mjumbe wa tume au kwa sababu amehudhuria mkutano wake. Wale wanaofanya kazi katika maghala na viwanda, ambako kukosa zamu moja kunaweza kumgharimu mtu ajira, wakisome kifungu hicho kwa makini.

Kuhusu bajeti ya tume yenyewe, Bunge la Michigan limefungwa na Katiba. Kuanzia Desemba 1 ya mwaka unaotangulia sensa, na kila mwaka ambao tume inafanya kazi, Bunge linatakiwa kutenga fedha za kuwalipa wajumbe na kuendesha shughuli zote, na kiasi hicho hakiwezi kuwa chini ya asilimia 25 ya fedha ambazo ofisi ya Katibu wa Jimbo inapewa kutoka mfuko mkuu kwa mwaka huo. Fedha hizo hutumika kuajiri wataalamu wasioegemea chama, kuweka mawakili, kuendesha vikao vya kusikiliza wananchi, kutoa matangazo na kutunza kumbukumbu. Bunge likitenga pungufu, tume ina haki ya kwenda mahakamani kudai fedha za kutosha, na mjumbe akiingia gharama ambazo fedha zilizotengwa hazikuzigusa, jimbo ndilo linalozibeba. Kwa upande wake, tume hutoa taarifa ya matumizi kwa gavana na kwa Bunge angalau mara moja kwa mwaka, hesabu zake hukaguliwa kila mwaka, na fedha zisizotumika hurudishwa katika hazina ya jimbo ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Mpangilio huu una sababu nzito, kwani wabunge walionyang'anywa kazi hiyo ndio wanaoshika mfuko, na kama kiwango cha chini kisingeandikwa katika Katiba, wangeweza kuiua tume kwa kuinyima fedha tu.

Msaada wa kiutawala hutoka kwa Katibu wa Jimbo, yaani ofisi ileile ambayo wengi wetu tunaijua kwa leseni za udereva na usajili wa magari. Yeye huwa katibu wa tume asiye na kura, na ofisi yake hutoa huduma za kiufundi ambazo tume inazihitaji, chini ya maelekezo ya tume yenyewe. Tume pia ina mamlaka ya kuajiri na kuingia mikataba kwa jina lake. Tume ya kwanza ilikuwa na mkurugenzi mtendaji, wanasheria, wataalamu wa sheria ya haki za kupiga kura na kampuni iliyoendesha programu ya kuchora ramani wakati wajumbe wakitoa maamuzi. Kwa hiyo hakuna mjumbe anayetarajiwa kuja akijua kutumia programu hizo au kunukuu kesi za mahakama. Anachotarajiwa ni kusoma anachopewa, kuuliza maswali na kuamua kwa haki.

Hatua ya kwanza: hakikisha unastahili

Mwombaji lazima awe mpiga kura aliyesajiliwa na anayestahili kupiga kura Michigan, jambo ambalo linamaanisha kwamba ni raia wa Marekani, wa kuzaliwa au wa kuapishwa. Mwenye grini kadi hawezi kuomba, na ninasisitiza kwa uzito wote kwamba asijaribu kujisajili kuwa mpiga kura ili apate sifa hiyo, kwa sababu kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini. Raia ambaye bado hajajisajili anaweza kufanya hivyo kwa karani wa jiji au wa mji wake, katika tawi la ofisi ya Katibu wa Jimbo, au kwa mtandao. Ukihama nyumba, badilisha anwani mapema. Sababu yake utaiona mbele.

Sehemu inayowatoa wengi ni ile ya miaka 6. Ndani ya kipindi hicho, mwombaji asiwe amegombea wala kushika cheo cha kuchaguliwa kwa tiketi ya chama, katika ngazi yoyote. Asiwe amekuwa kiongozi wa chama. Asiwe amelipwa na mwanasiasa aliyechaguliwa, mgombea, kampeni au kamati ya kuchangia wagombea. Asiwe mwajiriwa wa Bunge la jimbo, wala mtu aliyesajiliwa kwa kazi ya kuwashawishi wabunge, wala mwajiriwa wa mtu huyo. Wala asiwe ameshika nafasi serikalini ambayo iko nje ya mfumo wa kawaida wa utumishi wa jimbo, isipokuwa katika mahakama, vyuo vikuu vya umma na jeshi. Vyeo vya kaunti na vya miji midogo iitwayo township hugombewa kwa chama, ilhali bodi za shule Michigan hazigombewi kwa chama. Anayepanga kuomba mwaka 2030 ahesabu miaka hiyo kurudi nyuma hadi 2024, na afikirie sasa kabla ya kukubali kazi ya kulipwa katika kampeni ya mtu.

Marufuku hayo yanawagusa pia mzazi, mzazi wa kambo, mtoto, mtoto wa kambo na mume au mke wa mtu wa aina hiyo. Kwa familia zetu pana ni vyema kuelewa kwamba orodha inaishia hapo: kaka, dada, shangazi, mjomba na binamu hawamo, hata kama mnaishi nyumba moja.

Hatua ya pili: fomu

Katibu wa Jimbo anatakiwa kuweka fomu wazi kwa umma ifikapo Januari 1 ya mwaka wa sensa, yaani Januari 1, 2030 kwa awamu ijayo, na mwisho wa kupokea maombi ni Juni 1 ya mwaka huohuo. Kabla ya fomu kutoka, hakuna kitu cha kujaza, na yeyote atakayekutoza fedha ili "akuwekee nafasi" anakudanganya.

Zaidi ya hapo, ofisi hiyo hutuma fomu kwa posta kwa wapiga kura wasiopungua 10,000 waliochaguliwa bila mpangilio maalumu. Ukiipokea bahasha hiyo, usiitupe pamoja na matangazo ya biashara. Katiba imetenga nusu ya kila kapu la waombaji, yaani kundi la majina yatakayoingia katika droo, kwa ajili ya watu waliorudisha fomu walizotumiwa kwa posta, na maombi ya mwaka 2020 kwa jumla yalizidi 9,000. Hapo ndipo anwani sahihi katika daftari la wapiga kura inapokuwa na maana.

Ndani ya fomu utathibitisha kwa kiapo kwamba unatimiza masharti, na utatamka kama unafungamana na chama cha Democratic, cha Republican, au hufungamani na chochote kati ya hivyo. Michigan haisajili wapiga kura kwa vyama, hivyo neno lako ndilo ushahidi, na kwa sababu ni neno la kiapo, sema lililo kweli. Usichague kundi kwa kukisia ni lipi litakuwa na waombaji wachache. Jaza kila sehemu inayotakiwa, hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo katika usajili wako wa kura (majina yetu matatu matatu huleta mkanganyiko mwingi hapa), weka sahihi kwa namna ambayo fomu inaelekeza, na ubaki na nakala. Fomu yenye pengo huondolewa.

Hatua ya tatu: mchujo na droo

Ifikapo Julai 1, ofisi huondoa fomu zisizokamilika na zisizotimiza masharti, kisha huchagua kwa nasibu watu 60 wa kila chama na 80 wasiofungamana, ikitumia uzani wa kitakwimu ili makapu hayo yafanane kadiri iwezekanavyo na sura ya jimbo kijiografia na kwa makundi ya watu. Majina hupelekwa kwa viongozi wanne wa Bunge, yaani wa walio wengi na wa walio wachache katika kila chumba, ambao kila mmoja anaweza kufuta majina matano hadi Agosti 1. Ifikapo Septemba 1, wajumbe 13 hutolewa kwa droo kutoka kwa waliobaki. Droo ya kwanza ilifanyika Agosti 17, 2020. Hakuna usaili wala alama za shahada, na hakuna wa kumwomba akubebe. Usipotolewa, jina lako linaendelea kuwa na maana, kwa sababu mjumbe akijiuzulu au akiondolewa, mrithi wake hutolewa kutoka kapu lilelile.

Ukichaguliwa

Tume huitishwa ifikapo Oktoba 15. Kabla ya kuchora lolote huendesha angalau vikao 10 vya wananchi katika sehemu mbalimbali za jimbo, na angalau vitano zaidi baada ya kutoa rasimu. Ramani zinatakiwa kupitishwa kufikia Novemba 1 ya mwaka unaofuata sensa, kwa wingi wa kura ambao ndani yake wamo angalau wajumbe wawili wa kila kundi. Hutaruhusiwa kujadili mipaka na watu nje ya mikutano ya wazi, isipokuwa kwa maandishi au katika mkutano wa hadhara uliotangazwa, nawe ukifanya hivyo iwe ni kwa kutafuta taarifa. Waeleze hilo ndugu na viongozi wa kanisa au msikiti mapema, wasije wakakuona umewakwepa. Kwa miaka 5 tangu uteuzi hutaweza kushika cheo cha kuchaguliwa kwa chama katika jimbo, kaunti, jiji, kijiji au township.

Usihesabu mwaka mmoja tu. Muda wa tume hauishi mpaka kesi za mahakamani ziishe. Ramani za kwanza zilipitishwa Desemba 28, 2021, lakini Desemba 2023 majaji watatu wa mahakama ya shirikisho waliamua kwamba maeneo 13 ya Detroit na jirani yake, saba ya Baraza la Wawakilishi na sita ya Seneti, yalichorwa kwa kutanguliza rangi za watu kinyume cha Katiba ya Marekani, na tume ikalazimika kuyachora upya mwaka 2024. Hapo ndipo fedha za mawakili na wataalamu zinapohitajika zaidi, na mwombaji ajipange kwa kazi inayoweza kudumu miaka minne.

Ambao hawawezi kuomba

Asiye raia, au aliyezuiwa na kanuni ya miaka 6, anaruhusiwa kabisa kusimama mbele ya tume katika vikao vya wananchi na kuwasilisha maoni, hata ramani yake mwenyewe. Katiba inaitaka tume izingatie jumuiya zenye maslahi ya pamoja, lakini tume haiwezi kuijua jumuiya ambayo haikujieleza. Andaeni mapema ukurasa mmoja unaotaja mitaa mnakoishi, shule za watoto wenu, makanisa, misikiti na maduka mnayoyategemea, pamoja na jambo ambalo mwakilishi mmoja angelishughulikia vyema kuliko watatu, kisha mchore mstari wa eneo hilo juu ya ramani ya jiji na muupeleke kwa tume kabla ya rasimu ya kwanza kutoka, kwa sababu kuuhamisha mstari ambao wajumbe wameshauzoea ni kazi ngumu zaidi.