Kutatua Maswali ya Fizikia na Hisabati kwa Msaada wa Mtandao

Mwanafunzi wa skuli ya sekondari aliyeko Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, ambaye hana mwalimu wa masomo ya ziada karibu naye, anaweza kupata msaada mkubwa mtandaoni, mradi kalamu itangulie simu. Tuchukue swali hili: nazi imeanguka kutoka urefu wa mita 20, itafika chini kwa kasi gani? Kwanza chora mchoro, kisha andika yanayojulikana pamoja na vipimo vyake: kasi ya mwanzo ni sifuri, na mchapuko wa mvutano ni takribani mita 10 kwa sekunde mraba.

Ukikwama, usiombe jibu. Eleza umefika hatua gani, kwa mfano kwamba umepata v² = 2 × 10 × 20 = 400 (v ni kasi ya kufika chini) lakini hujui kinachofuata, nawe utaelekezwa kutafuta kipeuo cha pili, yaani mita 20 kwa sekunde.

Jibu lolote la mtandaoni, hasa la programu zinazojibu kwa kujiamini hata zinapokosea, lihakikiwe kwa njia nyingine. Hapa anguko huchukua sekunde 2, na kasi ya wastani ni 10. Zidisha, utarudi kwenye mita 20.

Kwa anayebana bando, maigizo ya kompyuta ya majaribio ya sayansi na hisabati, yaitwayo PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, hayalipiwi, na mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti.