Mchuzi wa Mbuzi, Mlenda na Ugali wa Uwele kwa Moto wa Kambini

Mlo ninaoueleza hapa nimeupika mara nyingi nikiwa mpishi wa kambi za wapima ardhi katika wilaya za Bahi, Chamwino na Kondoa, ambako jiko ni mafiga matatu na stoo ni kivuli cha mgunga. Unawatosha watu kumi walioshinda juani, na tangu kuwasha moto hadi kunawa mikono unachukua muda wa saa nne hivi. Mkikusudia kula saa moja jioni, saa tisa alasiri uwe umeshashika kiberiti.

Andaa nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo 3, viazi mbatata kilo 2, nyanya 10, vitunguu maji 5, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu 2, mafuta ya alizeti robo lita, unga wa uwele kilo 2.5, unga wa mlenda mkavu, karanga zilizosagwa kikombe kimoja, magadi na chumvi. Unga wa uwele uonje mkavu kabla hujaondoka sokoni, kwa sababu hauchelewi kuchacha, na ukishachacha huwa na uchungu ambao hauondoki kwa kupikwa. Maji yasipungue dumu moja la lita 20.

Hatua ya kwanza: mahali na mafiga

Wakati wa kiangazi nyasi za Dodoma ni kama karatasi, na upepo wa kusini-mashariki huzidi nguvu jua likielekea kushuka. Fyeka na kufagia eneo lenye upana wa mita tatu kila upande, kisha chimba shimo la kina cha shibiri moja, na udongo wake uurundike upande unakotoka upepo ili uwe kinga.

Mafiga yachukue mlimani au kichakani, yawe makavu, na usiyachukue kamwe korongoni. Jiwe lililokaa majini hunywa maji, na likipata moto mkali maji yale hugeuka mvuke na kulipasua. Niliwahi kuliona hilo huko Bahi, pale figa moja lilipolia kama baruti na sufuria nzima ya mchuzi ikalala mchangani. Hakuna aliyeumia, ila jioni ile watu walikula ugali kwa mlenda peke yake, na tangu hapo sijafunga safari bila unga wa mlenda.

Hatua ya pili: kuni

Okota kuni zilizokauka zenyewe. Mgunga na mkambala hutoa makaa magumu yanayodumu, ilhali mbuyu ni laini kama sifongo na hauna faida yoyote motoni. Mnyaa, ule wa kuzungushia maboma, usiutumie kwa kuni wala kwa kijiti cha kukorogea, kwa kuwa utomvu wake ni sumu na ukiingia jichoni unaweza kuliharibu. Mabua ya mtama yanafaa kuwashia tu, maana moto wake unapanda haraka na kuzimika haraka.

Hatua ya tatu: moto mama

Hapa ndipo wapishi wengi wa kambini wanapokosea, kwa kuweka sufuria juu ya ndimi za moto na kushangaa chakula kinapoungua chini kikiwa kibichi juu. Washa moto mkubwa pembeni ya mafiga, hatua moja hivi, uuache uwake muda wa nusu saa hadi kuni zianze kuanguka makaa. Huu ndio ninaouita moto mama: unalishwa kuni muda wote, na makaa yake unayahamisha kwa sepetu kwenda chini ya sufuria kadiri yanavyohitajika.

Ili kupima joto, weka kiganja mahali ambapo kitako cha sufuria kitakaa, uhesabu taratibu. Ukilazimika kuondoa mkono ukiwa umefika tatu, makaa yanafaa kukaangia. Ukifika sita au saba, yanafaa kwa mchuzi wa kutokota polepole.

Hatua ya nne: mchuzi

Kabla ya kuinjika, paka nje ya sufuria uji mzito wa majivu na maji, ili baadaye masizi yatoke bila kuisugua sana. Nyama iweke pamoja na chumvi, tangawizi iliyopondwa na maji ya ndimu moja, ufunike, uiache ichemke kwa maji yake yenyewe mpaka yakaribie kukauka. Ongeza lita 3 za maji na uweke jiwe dogo juu ya mfuniko, kwani upepo wa huku huufunua.

Ikiwa mbuzi ni beberu, usimwahidi mtu chakula kabla ya saa mbili kupita. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo nyama inayoiva upesi Dar es Salaam huku inakawia, na kuongeza kuni hakusaidii chochote zaidi ya kukausha supu.

Nyama ikiachana na mfupa, ongeza makaa, kaanga vitunguu katika sufuria ya pili hadi viwe na rangi ya kahawia, tia kitunguu saumu, kisha nyanya, na usiwe na haraka mpaka mafuta yaelee juu. Hapo ndipo utie viazi, nyama na supu yake, ufunike na kupunguza makaa. Viazi vichache viponde kwa mwiko, rojo iwe nzito.

Hatua ya tano: mlenda

Chemsha lita moja na nusu ya maji na magadi kidogo sana, nyunyiza konzi moja au mbili za unga wa mlenda huku ukikoroga, kisha tia karanga na chumvi. Usifunike, utafurika.

Hatua ya sita: ugali

Chemsha lita 5 za maji. Koroga unga kidogo kwa maji baridi, umimine humo na kuuacha uji utokote kwa dakika tano, ndipo uongeze unga na kusonga. Sufuria juu ya mafiga haitulii, kwa hiyo msaidizi aibane kwa vijiti viwili vyenye panda, akiwa amechuchumaa upande unakotoka upepo ili moshi usimfikie. Ugali wa uwele huiva rangi ya kijivu. Uko tayari unapoachana na sufuria na mwiko ukatoka bila kunatwa.

Hatua ya saba: kuzima

Pakua ugali kwenye sinia ukiwa moto. Watu wakishakula, mwaga maji juu ya moto mama na makaa ya mafigani, geuza majivu kwa sepetu, mwaga tena, kisha pitisha mgongo wa kiganja karibu nayo. Ukisikia joto lolote, ongeza maji, hata kama dumu lilikuwa limebakizwa kwa chai ya asubuhi.