Kutoka Dodoma hadi Tanga na Pangani: panga safari yako kwa kufuata maji

Watu wengi wa huku kwetu wakitaka kwenda pwani huanza na tiketi, wakaja kwenye nyumba ya wageni, wakamalizia na nguo za kuogelea. Maji yenyewe, ambayo ndiyo yanayowapeleka, hakuna anayeyaulizia. Wanafika ufukweni yamekupwa hadi mbali, mashua zimelala ubavu juu ya tope, nahodha anawaambia wasubiri hadi jioni, na jioni basi lao linaondoka. Inaniuma kuona mtu amechangishana na wenzake mwaka mzima, amekaa garini karibu kilomita 600, halafu anarudi Dodoma akiwa ameiona bahari kwa mbali.

Kazi yangu ni kupanga safari za makundi kutoka hapa mjini: vikoba, walimu, kwaya, familia. Utaratibu huu ndio ninaoutumia kwa Tanga na Pangani. Huko, ndani ya siku mbili, unapata ghuba yenye bandari, mto mkubwa unaoingia baharini, misitu ya mikoko, kisiwa cha mchanga mtupu kiitwacho Maziwe na mji wa kale. Vingi kati ya hivyo vinategemea saa ya maji.

Hatua ya 1: Yajue maji kabla ya kuchagua tarehe

Bwawa la Hombolo hupanda na kushuka kwa majira ya mwaka. Bahari hufanya hivyo mara mbili kila siku. Maji hujaa, yakapwa, yakajaa tena, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku mzunguko huo unachelewa kwa kama dakika 50, ndiyo maana saa iliyowafaa wenzako wiki iliyopita haiwezi kukufaa wewe wiki hii.

Halafu kuna ukubwa wa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu; yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kazi rahisi: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo ni za bamvua, na maji mafu yanaangukia karibu na tarehe 8 na 22.

Sasa shika jambo hili, maana mpango wote umesimama juu yake. Kwenye pwani ya Tanga, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa asubuhi na kupwa jioni.

Kwa dakika kamili tumia jedwali la maji. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, yaani TPA, hutoa majedwali, na zipo programu za simu zinazoonyesha bandari ya Tanga. Siku nyingi utakuta mistari minne, kila mmoja una saa na urefu kwa mita. Urefu mdogo, tuseme 0.3, ni kupwa. Mkubwa, tuseme 3.6, ni kujaa. Angalia sana saa: majedwali yameandikwa kwa mtindo wa saa 24. 10:20 ni saa nne na dakika 20 asubuhi, na 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Ninapoandikia kikundi ratiba hubadilisha zote ziwe saa zetu za Kiswahili, maana mtu akisoma 10 akaelewa saa kumi, siku nzima imeharibika.

Hatua ya 2: Chagua majira

Epuka masika, Machi hadi Mei. Mvua inakata safari za boti, mto unashuka na tope, na barabara za vijijini zinasumbua. Juni na Julai hali ya hewa ni nzuri kwa ngozi ya mtu wa Dodoma, lakini kusi inavuma kwa nguvu na bahari ya nje inachafuka. Ninachopenda mimi ni Septemba na Oktoba, kusi ikiwa inalegea na vuli haijashika, au Januari na Februari kwa wanaovumilia joto la kaskazi. Bamvua za Septemba na Machi huwa kubwa kuliko za miezi mingine, kwa hiyo Septemba ina faida mbili.

Hatua ya 3: Chora duara kwenye kalenda

Mfano: Jumamosi ya Septemba 26, 2026 mwezi utakuwa mpevu. Hiyo ni bamvua, tena mwisho wa wiki. Unasafiri Ijumaa, Jumamosi ni siku ya maji, Jumapili ni Tanga mjini, Jumatatu unarudi. Asubuhi ya Jumamosi maji yatakuwa yamekupwa, kwa hiyo kisiwa cha mchanga kitakuwa wazi. Jioni yatakuwa yamejaa, kwa hiyo mto utakuwa na kina na boti itaingia mikokoni bila kukwama. Siku moja inakupa vyote viwili.

Kama kikundi hakina uhuru wa kuchagua na tarehe imeangukia maji mafu, futa kisiwa kwenye ratiba. Peleka watu mtoni asubuhi maji yakiwa juu, mchana watembee mjini. Ni safari nzuri pia. Usiwaahidi tu mchanga ambao hawatauona.

Hatua ya 4: Ongea na nahodha kabla ya kulipa chochote

Mpigie simu, usitume ujumbe. Mazungumzo yangu huanza hivi:

“Shikamoo kapteni.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Jumamosi ya tarehe 26 tupo watu kumi na wawili, tunataka Maziwe asubuhi na mto jioni. Maji yatakuwaje?”

Nahodha anayeijua kazi hujibu hapo hapo, bila kutafuta karatasi: hiyo ni bamvua, muwe mmefika saa moja na nusu, tutoke saa mbili. Anayekujibu “njooni tu, wakati wowote tunaenda”, mshukuru na utafute mwingine.

Kisha muulize leseni ya chombo, ambayo hutolewa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, idadi ya abiria anaoruhusiwa, na jaketi okozi ngapi anazo. Jaketi ziwe sawa na idadi ya watu, na za watoto ziwe za watoto. Wengi wetu tumekulia kwenye makorongo yanayopitisha maji wiki chache kwa mwaka, kuogelea hatujui. Kwenye hili sipunguzi hata kidogo: jaketi ikipungua moja, mtu mmoja anabaki nchi kavu au tunaahirisha wote.

Bei ya boti hutajwa kwa safari, si kwa kichwa. Ndiyo maana watu kumi hulipa nafuu kuliko wanne. Uliza kama mafuta yamo ndani ya bei, kama kusubiri kisiwani kumo, na kama kiingilio cha hifadhi kiko pembeni. Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975 na kiingilio chake hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo dai risiti.

Hatua ya 5: Njia ya kwenda

Basi la moja kwa moja huondoka Dodoma alfajiri, likapita Gairo, Morogoro, Chalinze, Segera na Muheza, ukaingia Tanga jioni. Ni siku nzima kitini, lakini hubadilishi gari wala kuhamisha mizigo, na kwa wazee wenye mabegi hilo ni jambo kubwa. Njia ya pili ni treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024. Shuka Morogoro, uende Msamvu ukapande basi la Tanga, au mkodi kosta ikawasubiri hapo. Tiketi ya treni inataka kitambulisho, basi kusanya namba za wote mapema. Kwa kundi la watu zaidi ya 15 mimi hupendelea kosta moja kutoka Dodoma mpaka mwisho, kwa sababu kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50 nyingine na asubuhi ya Jumamosi huna muda wa kuhangaika na usafiri.

Afadhali zaidi, Ijumaa msilale Tanga. Pitilizeni mkalale Pangani ikiwa mmefika mapema. Mkichelewa, laleni Tanga na muwe barabarani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 6: Siku ya maji

Asubuhi kula kidogo: chai ya tangawizi na mkate, basi. Supu nzito na boti haviendani.

Toka saa mbili. Mlangoni mwa mto, pale maji yanayoshuka yanapokutana na upepo wa baharini, boti itarukaruka. Waambie watu mapema ili wasiogope; kukaa katikati au nyuma ya boti kunapunguza mtikisiko. Ukivuka hapo, bahari inafunguka, na baada ya muda unaanza kuona mstari mweupe mbele. Hiyo ndiyo Maziwe. Haina mti hata mmoja. Wazee wa Pangani wanakumbuka ilipokuwa na miti na kasa wakipanda kutaga. Miti ilikwisha kati ya miaka ya 1970 na 1980, na leo maji ya bamvua yakijaa, mchanga wote unazama. Pale unaposimama saa nne asubuhi na miguu mikavu, saa kumi jioni samaki wanapita.

Kwa hiyo saa ya kuondoka ni amri ya nahodha, si ya kikundi. Kwenye mwamba wa matumbawe usikanyage. Vaa viatu vya plastiki, maana kuna viumbe vyenye miiba mchangani na kwenye mawe. Makombe na matumbawe yabaki hapo hapo. Na kwa kuwa hakuna kivuli, bebeni mwavuli na maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani. Joto la Dodoma ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. La pwani linakumaliza polepole.

Mkirudi ni saa saba hivi. Kuleni samaki wa kupaka, kisha tumieni saa za katikati kutembea Pangani mjini. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, na hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa Desemba 1889. Boma la zamani na nyumba zenye milango ya nakshi bado zipo, nyingi zimechoka sana na zinastahili kutunzwa kuliko zinavyotunzwa. Ni mji wa Waislamu tangu zamani: kina mama wajifunge kanga juu ya nguo za kuogea, kina baba wavae shati, na kabla ya kupiga picha ya mtu muombe. Mkienda mwezi wa Ramadhani msile barabarani mchana.

Saa tisa na nusu rudini botini, safari hii kupanda mto. Mto Pangani unatoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ndipo unafika hapa. Maji ya bahari yakiwa yanajaa yanausukuma mto urudi nyuma, na boti inapanda bila kelele nyingi za injini. Mwambie nahodha azime kabisa mkifika kwenye mikoko. Tazama mizizi: imesimama nje ya maji kama miguu ya kigoda, na kwenye mizizi kuna chaza wanaoonyesha maji hufika wapi yakijaa. Chini yake, kwenye kipande cha tope ambacho hakijafunikwa, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanakimbilia mashimoni maji yanapowafuata. Mdiria anakaa juu ya tawi, anatumbukia, anarudi na kisamaki. Kaeni kimya hapo dakika kumi. Watoto hukumbuka sehemu hii kuliko nyingine zote.

Mbele zaidi ni minazi, kisha mkonge. Mkonge wa kwanza nchini uliletwa maeneo haya haya, Kikogwe, mwaka 1893. Mamba wapo mtoni, kwa hiyo mikono ikae ndani ya boti na hakuna kuogelea. Geuzeni kabla jua halijazama. Mwishoni mwa Septemba linazama saa kumi na mbili na dakika chache.

Hatua ya 7: Jumapili ya Tanga

Usifanye ile ya “waja leo waondoka leo”. Asubuhi nendeni mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini. Hayo hayategemei maji. Mchana, maji yakianza kupanda, kodini mashua ya kuzunguka ghuba hadi kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti na makaburi. Jioni nendeni ufukweni Raskazone.

Hatua ya 8: Usiku wa kuamkia safari ya boti

Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Likitolewa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya Tanga, bahari ya nje imefungwa kwenu hata kama mmelipa. Mto peke yake mara nyingi bado unafaa, muulize nahodha. Hakikisha kila chumba kina chandarua, maana malaria ipo zaidi pwani kuliko kwetu Dodoma. Simu zote ziwe kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa vizuri. Kisha mpigie nahodha mara ya mwisho, mkubaliane saa, na uirudie kwa maneno: “saa mbili asubuhi, kapteni, siyo saa nane.”